Mtama wa Rangi ya Waridi

Malori ya msaada yaliposubiri kuvuka mpaka wa Busia kwenda nchi yenye vita, sisi wanawake wenye mifagio tulikuwa chini yake. Gunia likitoboka, kilichomwagika ni chetu; hata walinzi walilijua hilo.

Kwa ufagio nilizifahamu nchi za dunia kuliko mawaziri wetu. Moja ilitoa njegere ngumu za kumaliza makaa ya siku mbili. Nyingine ilituma mahindi yenye wadudu, nikasema hao wanachukia watu. Ya tatu ilikuwa na unga mzuri, ila mifuko yake haitoboki. Choyo kitupu. Tuliwapa alama na kucheka. Waliokuwa wakisubiri chakula hicho mwisho wa barabara hawakutuhusu.

Mmoja wao alilala jikoni kwangu, mama aliyekimbia vita hivyo na binti yake wa miaka minne. Alinitekea maji na kunipepetea nafaka. Kanisani nilisifiwa kwa kumpokea, na nilizipenda zile sifa.

Siku moja likatoboka gunia la mtama wa rangi ya waridi. Hatukuwa tumewahi kuuona wa aina hiyo. Nikatangaza kwamba nchi iliyoutoa imewashinda wote. Nikauosha mara tatu kwa maji ya majivu, kama tunavyoosha nafaka iliyotiwa dawa ya ghala, mpaka maji yakatoka safi. Mgeni wangu akakataa kuusaga.

"Dada, hii si ya kukula. Hii ya kupanda. Kwetu walileta, hii rangi ni ya dawa ya mbegu, iko na sumu."

"Wewe nakula ya watu na bado nachagua?" nikamwambia. "Mchagua jembe si mkulima. Leo hakuna ingine."

Nilikuwa na muhogo chini ya kitanda. Niliuacha hapo makusudi, nimfunze shukrani.

Alivumilia hadi alasiri. Mtoto alipochoka hata kulia, mama alisaga, akapika uji, akaonja yeye kwanza na kungoja. Alipoona hadhuriki, akampa bintiye kikombe kizima. Kabla ya jua kuzama, mama alikuwa akitapika na mtoto akitetemeka mwili mzima. Tulipofika zahanati, mtoto alikuwa amekata roho.

Mama aliniomba jambo moja tu: kwenye mazishi niseme kilichomuua. Mtama uliobaki nilikuwa nimeshaufukia. Nikasimama mbele ya majirani na watu wa kanisa, nikasema ni malaria. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kutosha kunielewa.

Alikaa kwangu mwezi mzima baada ya hapo, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kila sahani niliyompa aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema asante.