Baba aliuliza kama kwenye gemu kuna mvua

Leo baba kaniuliza swali moja kuhusu gemu, na msimu wetu wa kilimo ukaishia hapo.

Mnalijua lile gemu la watu waliobaki baada ya dunia kuharibika. Toleo la pili linakuja. Mchana nilikuwa naangalia video yake hapa nyumbani Ulemo, baba akatoka shambani. Nikamwamkia. Akainama kwenye simu.

"Hapo ni wapi?"

"Ni gemu, baba. Dunia imekwisha."

"Mbona hawalimi?"

"La kwanza hawakuweka kilimo. Natumaini safari hii wataweka."

"Na mvua wataweka?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mtama wetu tumepanda mara mbili, na mara mbili umekauka. Mbegu ya kurudia mara ya tatu ilikuwa imetundikwa juu ya meko.

Baba akainuka, akamwita mama.

"Mama Neema, ishushe ile mbegu. Isage."

Maana yake hatupandi tena mwaka huu.

Mama akaishusha, akaisaga. Tumetoka kuula ugali wake sasa hivi.

Ninyi wenzangu mnaolisubiri gemu hili, kwenu mvua imenyesha?