Nimemwambia shangazi atoke mlangoni

Leo nimemfukuza shangazi yangu kwenye mlango wa depo yake mwenyewe. Mbele ya watu.

Msicheke kwanza.

Shangazi anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Uvira. Mchana zilikuwa zimeanikwa kwenye mchanga, karibu kukauka, mara mvua ikaanza kushuka toka milimani. Ndagala zikilowa, zinaoza.

Tukazikusanya mbio mbio, mimi na wamama wanaomsaidia kazi, kila mtu na beseni.

Lakini mlangoni mwa depo ya kuwekea ndagala tukakwama. Shangazi alikuwa anapokea kila beseni, anachambua, anapepeta mchanga, ndipo anaita lingine. Nje tumejazana, mikono inauma, upepo unazidi.

Juzi kwenye kozi ya gestion, yaani kusimamia biashara, tulifundishwa hivi: tafuta mahali kazi inapokwama, anzia hapo. Kukimbia zaidi kwingine hakusaidii kitu.

Sasa, mahali penyewe palikuwa shangazi.

"Shangazi, toka mlangoni. Tumwage tu ndani, tutachambua kesho."

Wamama wote wakaangalia chini.

"Weye," akasema polepole, "iyo masomo yako nani anailipia?"

"Ni shangazi. Lakini naomba utoke."

Matone ya kwanza yakaanguka. Akanikazia macho, jamani, nikaona nimekwisha. Halafu akasogea pembeni.

Mabeseni yakapita mkono kwa mkono. Mvua ilipofika, ilikuta mchanga mtupu.

Mpaka sasa hajanisemesha. Lakini sahani yangu ya ugali ameijaza kuliko za wengine wote.

Niende kuomba msamaha, ao ninyamaze nikule?