Mshale wa Mizunguko kwenye Gari la Baba

Rafiki yangu, Jumamosi iliyopita nilifungua boneti ya gari la baba kule Masaka, pembeni mwa Kigali, na harufu iliyonipokea ikanirudisha utotoni kabla hata sijashika bisibisi. Petroli iliyochacha, vumbi jekundu, na manyoya ya kuku waliokuwa wakitagia humo ndani. Kijana mmoja wa Kacyiru anayekusanya magari ya zamani alitaka kulinunua, kwa sharti kwamba mita zote za dashibodi zifanye kazi. Hasa ile ya mizunguko, inayoonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Alipotamka hivyo nusura nicheke, halafu uso ukaniwaka, kwa sababu mtaa mzima uliwahi kumcheka baba kwa ajili ya mita hiyo hiyo.

Gari tulirudi nalo kutoka Mwanza, usukani ukiwa kulia. Kigali tunapita upande wa kulia, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo hawezi kulipita lori bila mtu wa kumchungulia barabara kutoka kiti cha kushoto. Kwetu mtu huyo alikuwa mimi. Alfajiri mama aliniamsha, nikameza uji wa mtama nikiwa nimesimama, ulimi ukiungua, huku moshi wa mikaratusi ukitoka jikoni na kuingia hadi ndani ya gari. Baba aliwapeleka majirani wanne ofisini Kacyiru, na njiani akaniacha shuleni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na ndiyo iliyotulisha. Hakupenda nipige kelele, alitaka nimwonyeshe kwa mkono: kiganja wazi maana yake subiri, kidole mbele maana yake pita. Nilidhani ni mchezo wetu wa wawili, na nilijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Injini ile ilikuwa na ugonjwa wa platini, vile vichuma vinavyokata na kuunganisha umeme ili cheche ziruke. Kila baada ya muda mfupi zilichakaa, gari likaanza kukohoa mlimani na abiria wakaanza kutazama saa zao. Mjomba akatuletea kutoka Kampala kiboksi cha elektroniki cha kuwashia cheche, kichukue nafasi ya platini. Jirani yetu fundi, aliyekulia Bujumbura, alikuja kukifunga baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Basi ukijua umuganda, unajua kwamba watu wakimaliza kufyeka hawaendi nyumbani, wanatafuta pa kusimama na kuzungumza. Siku hiyo walisimama uani kwetu, majembe mabegani.

Injini iliwaka mara moja. Watu wakapiga makofi.

"Muzehe, sikia iyo moteri!" fundi akasema. "Iko inaimba!"

Baba hakumtazama. Alikuwa ameinamia dashibodi. "Mshale hausogei," akasema.

"Mushale gani?" fundi akauliza, akimwinamia usoni.

"Wa mizunguko. Umelala."

Fundi alieleza kwamba zamani waya wa mita ulifungwa kwenye koili, ile inayokuza umeme wa cheche, na sasa koili ilikuwa ya kiboksi peke yake, kwa hiyo ameuacha pembeni. "Iyo ni urembo tu, Muzehe. Gari iko inatembea muzuri, mushale ni ya nini?"

"Nirudishie mshale wangu, au ung'oe kiboksi chako."

Uani watu wakacheka. Mmoja akauliza kama Muzehe anajiandaa kwa mbio za magari. Mwingine akasema waliotoka Tanzania wanapenda sana mapambo. Baba akarudia yale yale kwa sauti ya juu zaidi, akigonga kioo cha mita kwa ukucha, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwona ni mzee mbishi asiyejua kushukuru, anayegombana na jirani kwa ajili ya kitu cha kupendeza macho.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa akimenya ndizi, mikono imepakwa mafuta kwa sababu ya utomvu, na hakuacha kumenya alipokuwa akiniambia. "Baba yako hasikii injini, na maneno huyapata kwa kutazama midomo. Kile kiwanda cha pamba Mwanza kilimmaliza masikio. Anabadilisha gia kwa kuutazama ule mshale. Abiria wakijua, nani atapanda?"

Nilisimama pale na aibu nyingine, mpya, juu ya ile ya kwanza.

Fundi aliondoka kiboksi kikiwa pale pale, na tangu Jumatatu iliyofuata kazi yangu ikaongezeka. Mkono wa baba ulikaa kwenye gia, wangu juu ya wake. Nikibonyeza, anapandisha. Nikivuta, anashusha. Wiki chache ilikwenda vizuri, isipokuwa kwamba nilikuwa msichana mkubwa kiasi cha kuona haya, na wenzangu shuleni walishaanza kuuliza kwa nini nashikwa mkono na baba kama mtoto wa chekechea. Siri ya nyumbani haijibiwi shuleni.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Vioo vilijaa mvuke, na tulipoanza kupanda kutoka bondeni Mulindi lori lilikuwa mbele yetu likitoa moshi mweusi. Baba akanipa ishara nimchungulie. Ilibidi nitoe mkono kwenye gia nishushe kioo, nitoe kichwa nje. Na lori lile halikwisha. Injini ilianza kulia, kisha kupiga mayowe, gia ya pili mlima mzima, gari likitetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

"Muzehe, ongeza vitesi!" akapaza sauti dada mmoja wa wizarani aliyekaa kiti cha nyuma, akimaanisha gia. "Vitesi, Muzehe! Moteri inapasuka!"

Baba akaendelea, ametulia kabisa.

Dada yule akaniinamia begani. "Kwani baba yako iko kiziwi?"

Mwanamume aliyekaa pembeni yake akaangua kicheko, na wote wakafuata. Baba akainua macho kwenye kioo cha ndani, akawaona wanacheka. Naye akacheka. Alicheka vizuri, kwa moyo mweupe, akitikisa kichwa kama mtu aliyeshiriki hadithi nzuri, akanigeukia ili na mimi nicheke. Rafiki yangu, nimeaibika mara nyingi tangu siku hiyo, na mara nyingine nilistahili. Hakuna iliyoniunguza kama ile. Niliweka mkono juu ya wake, nikabonyeza, akapandisha gia, na waliokaa nyuma wakaitazama mikono yetu, kicheko kikakatika.

Wiki ile haikwisha kabla ya abiria kuhamia basi. Hawakusema neno baya, walitusalimia kwa upole wakipita, na upole ule ndio uliotuumiza. Baba alijaribu mwenyewe kuufufua mshale. Kila mtu alijua waya wa mita hufungwa kwenye koili, basi akaufunga kwenye koili. Mshale uliruka hadi mwisho, mita ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikafa. Gari likasukumwa nyuma ya nyumba, kuku wakalipenda. Mama akaanza kuuza mandazi, na mimi nikaenda shule kwa miguu na watoto wengine, nikipita kando ya barabara ile ile bila kuitazama.

Siku hizi barabara ile imepanuliwa, wanaokwenda Kacyiru wanapita kwa pikipiki na kwa magari yasiyo na kelele. Watoto wetu hata hawajui kwamba gari lilihitaji macho ya mtu wa pili. Nimesomea umeme, lakini gari lile nililikwepa miaka yote, nadhani unaelewa kwa nini.

Jumamosi nilinunua mita nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Muhima. Nilipokifuta kile kiboksi matope niliona waya mwembamba wa kijivu ukitoka ubavuni, umekunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Ulikuwa waya wa mita. Waliokitengeneza waliuweka maalumu, kwa sababu umeme ambao kiboksi hupeleka kwenye koili ni mkali mno na huunguza mita. Fundi hakuujua, akaufunga asiupoteze. Niliunganisha, nikaweka betri na petroli mpya, nikawasha, na mshale ukapanda taratibu.

Baba, ambaye sasa hasikii chochote, alikuja na fimbo yake akachungulia dirishani. Alitazama mshale kwa muda mrefu. Nikamwonyesha waya wa kijivu, nikamwonyesha utepe.

"Ulikuwepo siku zote?" akauliza, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nalia.

Akageuka kutazama ua wa jirani, ambako yule fundi, mzee kama yeye, alikuwa anaanika maharage. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Usimwambie," akasema. "Ataona aibu."