Hodi ya Baba Kule Kilimani

Juzi umeme ulikatika hapa Annandale, Virginia, Mama akawasha mishumaa. Alipoizima, ule moshi wake ukanirudisha Italia, kwenye kijiji kimoja juu ya kilima, nyumba zote mawe matupu, za enzi na enzi, makanisa kila kona. Nilikuwa na miaka minane na, niwaambieni ukweli, sikuelewa kitu.

Tulitoka Virginia kwenda kuona kaburi la padri mmoja tu. Ndiye aliyemlea Baba misheni kule Songea, Baba akiwa yatima. Alipozeeka akarudi kwao, akafa Baba hajaenda kumwona. Alizikwa ndani ya kanisa la juu kabisa. Sasa si twende? Wapi! Baba aliingia kila kanisa la njiani. Anapapasa kuta, anatuonyesha watakatifu waliofifia, anakaa kwenye mabenchi ya baridi kama hana haraka na dunia. Mama, mtu wa Tanga, akamchokoza: "Baba Neema, umekuja kuzuru au unataka kuoa huku?"

Hakucheka.

Tulipofika lile la juu, mlango uko wazi, Baba akasimama nje. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Watalii wanatupita, wengine wanacheka, damu inanichemka: nani anamcheka baba yangu?

"Dad, it's open!" nikamwambia.

Akaita ya tatu. Kimya. Akageuka, akaanza kushuka ngazi.

"We baba, tumetoka Marekani!" Mama akashangaa.

"Hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi. Ndivyo alivyonifundisha padri mwenyewe."

Hasira zikanipanda. Nikakimbilia ndani, giza, mishumaa inafuka, nikapiga kelele kwa Kiswahili changu kibovu: "Karibu! Karibu ndani!"

Sauti ikazunguka darini kama ya watu kumi. Baba akaingia. Akapiga magoti kwenye jiwe lenye jina la padri, akalia mpaka mabega yanaruka. Nikamwuliza Mama nimekosa nini. Akanibana kifuani tu.

Nimekua nikijua nilimuudhi, ingawa hakunigombeza hata siku moja. Kumbe pale mlangoni alikuwa anasubiri sauti moja tu, na maadamu alikuwa bado nje, mzee wake alikuwa bado anaweza kuitika. Mimi, kwa kuitika, ndiye niliyemwambia kwamba mzee hayupo tena.