Ekseli Aliyoibandika Nelson

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: Tusekile hakuwa akicheza. Watu wa Msasani, hii yetu ya Rungwe, walisema mengi mwaka ule, na wengine wao ni majirani zangu ukuta kwa ukuta. Lakini mwanamke anayechambua chai kutwa kiwandani, akarudi nyumbani ameloa, halafu akaketi mezani kukwangua plastiki kwa wembe mpaka vidole vimkakamae, huyo hachezi. Wanaocheza nawajua. Wako kwenye vilabu vya pombe ya kimpumu tangu asubuhi, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kumcheka.

Mumewe, Nelson, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda hichohicho. Ulikuwa wakati ule wa ruksa, viwanda vinatafutiwa wanunuzi na wageni wengine wanafungasha. Mzungu mmoja mhandisi alipoondoka alimwachia Nelson boksi kuukuu lenye picha ya Landrova. Ndani hamkuwa na gari. Mlikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu: milango, bampa, taa, usukani mdogo kuliko kifungo cha shati, na karatasi ya michoro ya kuonyesha kipi kinabandikwa wapi. Kwao Mzungu hiyo ilikuwa starehe ya watu wazima. Nelson aliipenda kama mtoto. Kila Jumapili baada ya kanisa aliketi nayo, na mkewe akisogea alimwambia, "Acha, mama Lusungu. Mikono yako ni ya chai. Hii ni kazi ya fundi."

Alifika katikati ya kazi, akaugua, akafariki.

Msiba ulipokwisha, ukoo ukaketi kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Redio ikaenda huku, koti kule, baiskeli akapewa Asajile, mdogo wake Nelson kutoka Kinyala. Asajile ndiye aliyelifungua boksi. Akachungulia, akalifunga.

"Hili mwachieni shemeji. Litamfaa kuwashia moto."

Watu wakacheka, maana hata msibani watu hucheka. Tusekile hakucheka. Alilivuta boksi akaliweka mapajani, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba siku ya ibada ya mwaka, watakapokuja kulijengea kaburi, wataikuta Landrova ya Nelson imesimama kwa magurudumu yake yote manne.

Mimi, jirani yake, nilikuwa nimeketi nyuma yake na nikamfinya, lakini neno likishatoka halirudi. Baadaye aliniambia kwa nini. Vile vingine vyote Nelson alivinunua dukani. Gari lile alikuwa analiunda mwenyewe, kwa mikono yake, na likimshinda yeye mjane basi ukoo utakuwa umesema kweli, ni kuni. Nilimwelewa, na nilimwogopea pia, maana maishani mwake alikuwa hajabandika hata kiraka cha mpira wa baiskeli.

Jambo la kwanza alilolikataa ni kujifunzia kwenye kazi ya mumewe. "Nikiiharibu, nitamwomba nani nyingine?" Akaanza kutafuta nyingine ya kujifunzia. Siku hizo mabelo ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa kila gulio, na ndani ya nguo za watoto wa Ulaya hutoka kila takataka. Tusekile akawa anashuka Kiwira kila gulio, anamuuliza Shukrani, muuza mitumba, "Leo hakuna vipande vya gari?" Shukrani alimwona amepungukiwa akili. Miezi ikapita, mvua zikaja zikakolea. Halafu siku moja Shukrani akamwita kwa mbali, amelishika boksi lililopasuka pembeni. Landrova ileile, ila vipande vyake vimetengenezwa na kampuni nyingine, tena vya zamani zaidi. Tusekile alimpa mkungu wa ndizi aliokuwa ameuleta sokoni kuuza, na hakuuliza kama umezidi.

Alizipanga zote mbili mezani, ya Nelson kushoto, yake kulia, kipande kwa kipande. Hapo ndipo nami nilipoanza kuona utamu wake. Ya Nelson milango inafunguka, na tairi la akiba linalala juu ya boneti. Ya kulia milango ni michoro tu kwenye bodi, haifunguki ng'o, lakini matairi yake yana meno unayoweza kuyahesabu kwa ukucha, na springi zake zimechongwa bapa juu ya bapa. Halafu ilikuwa ndogo kidogo kuliko mwenzake. Hilo lilimuuma, maana alikuwa na wazo la kuazima kipande huku akitie kule. Haikuwezekana. Kila moja ilikuwa lazima ijitegemee.

"Sasa ipi inasema kweli?" nilimuuliza.

Kesho yake alikwenda kwa Ezron, dereva wa kiwanda, ambaye Landrova yake ilikuwa ya aina hiyohiyo, akajitupa chali chini ya gari kwenye tope.

"Umeangusha nini, dada?" Ezron akauliza.

"Sijaangusha. Natazama inavyokaa kwenye miguu yake."

Ezron alitafuta gunia akamtandikia.

Gundi ya Nelson ilikuwa imekaukia kwenye tyubu. Tusekile akapata thina kwa mpaka rangi wa magari, akakatakata mabaki ya fremu na kuyaloweka humo mpaka yakawa uji, na uji ule ukashika kuliko gundi ya dukani. Alijivuna siku nzima. Kisha akakosea kosa ambalo angelikosea yeyote kati yetu. Alipaka bodi ya ile ndogo rangi, na rangi haikukauka kwa unyevu wa hapa kwetu. Huku Rungwe kitu kisichokauka kinapelekwa wapi? Darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi. Aliporudi kutoka kazini alikuta paa la gari limebonyea katikati kama kitanda cha kamba.

Alilia. Nami nilimwambia aache, nikidhani namhurumia. Akanitazama kwa macho makavu yaliyokuwa yamelowa muda mfupi tu uliopita, akaniambia nimpashie maji. Alilitumbukiza paa kwenye maji ya moto, akalisukuma kwa kidole gumba kutoka ndani, likarudi, si lote, lakini likarudi. Tangu siku hiyo vitu vyake vilikaukia kiwandani, kwenye kona ya vitanda vya kunyaushia majani, ambako upepo ni wa vuguvugu na hauna papara. Msimamizi alijifanya haoni.

Ile ndogo ikakamilika. Ikasimama mezani sawasawa, ukiisukuma inakwenda. Ndipo akanawa mikono, akalifungua boksi la mumewe.

Alifanya kazi kwa adabu ya kanisani. Akatia viti, usukani, taa, boneti. Mwisho akatia magurudumu, akaishusha mezani. Ikayumba. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linaning'inia hewani. Akaligeuza gari, akatazama chini, na mimi nilimwona uso unavyombadilika. Ekseli ya mbele, ule mhimili unaobeba magurudumu, aliibandika Nelson mwenyewe, ilikuwa katika vile vipande vyake vya mwanzo. Upande wa kulia ilikaa chini ya springi, kama ya Ezron. Upande wa kushoto ilikaa juu yake. Gundi imefurika pale kama uji uliochemka, fundi alikuwa na haraka.

Wiki nzima hakuigusa. Kuikata ile ekseli ni kuikata kazi ya Nelson, na kuiacha ni kuivunja ahadi aliyoitoa mbele ya ukoo. Mimi nilikuwa na jibu rahisi.

"Weka kijiti chini ya gurudumu. Nani atalipindua?"

"Nitajua mimi."

"Marehemu hakosolewi, Tusekile."

"Huyo marehemu wenu simjui. Mimi nilikuwa na mume, naye alitaka gari liende."

Jumapili, mvua inapiga bati, alipasha moto ncha ya kisu. Akasema kwa sauti, "Samahani, baba Lusungu, hapa ulikosea," akakata.

Siku ya ibada ukoo ukaja. Kaburi likajengewa, mchungaji akasali, watu wakaingia ndani kula. Landrova zote mbili zilikuwa mezani. Asajile akaiendea ile kubwa, akaisukuma kidogo kwa kidole, ikaenda bila kuyumba mpaka kwenye bakuli la mboga. Akapumua kwa nguvu.

"Kaka yangu! Oneni kazi ya mtu! Nelson hakuwa na mfano. Hakuna alichokigusa kikaenda kombo."

Amina zikaitika chumba kizima. Mchungaji naye akaitikia kwa kichwa. Nilimkazia macho Tusekile, kwa macho nikimsihi anyamaze. Ilikuwa rahisi hivyo: amina moja tu, na kila kitu kingekuwa kimepata mahali pake.

"Ekseli aliikosea, shemeji," Tusekile alisema. "Aliibandika upande. Nimeikata, nikaibandika upya. Milango ni kazi yake, na bodi. Kusimama kwake ni kazi yangu."

Siku ya kumkumbuka mtu, ndani ya nyumba yake, saruji ya kaburi haijakauka, mjane anamtaja kwa kosa. Asajile aliweka sahani chini. Alikuwa na la kusema, na lingekuwa baya, lakini pale kwenye mkeka mama mzaa Nelson, bibi Anyosisye, aliinua mkono.

"Nileteeni hiyo gali."

Wakampa. Bibi akaipakata kwenye kanga, akaipapasa paa, akaipapasa milango. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Mwaka mzima mnakuja kwangu," alisema. "Nelson hakugomba, Nelson hakukosea, Nelson malaika. Mimi nilikuwa nakaa na nyie, nalilia mtu nisiyemjua. Malaika sikuzaa. Nilizaa mtoto mwenye halaka, viatu anavaa kushoto kulia." Akamgeukia mkwewe, akagonga mkeka kwa kiganja. "Ndaga, mwanangu, asante. Njoo ukae hapa. Nionyeshe alipokosea."

Tusekile akaketi, akaligeuza gari magurudumu juu, akakishika kidole cha mama mkwe na kukiweka pale palipobaki kovu la gundi ya Nelson.