Nukta Kuanzia Nyuma

Mimi si mtu wa kusamehe. Nasema hilo mapema, asije mtu kunihubiria mwishoni. Yule kijana aliniibia injini, nami nikamlipa, na siku niliyomlipa nilikula viazi na maharage nikaongeza sahani ya pili.

Nilikuwa binti wa polisi. Nilikulia kwenye nyumba za polisi za Nsambya, ambako baba zetu walitoka kila pembe na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Baba aliendesha lori la kazi, akanifundisha kusikiliza injini kabla sijajua kusuka nywele. Kwenye chuo cha kilimo alikonipeleka, asubuhi tulisoma usimamizi wa shamba: lini ulime, upande nini, umuuzie nani. Mchana tulivaa ovaroli tukaingia gereji, maana walimu walisema meneja asiyelijua trekta lake ni mgeni shambani mwake. Wasichana tulikuwa watatu. Wenzangu wawili waliona oili wiki ya kwanza, wakakumbuka kwamba wana wachumba.

Kituo cha matrekta cha serikali kiliahidi kumchukua mwanafunzi mmoja, yule atakayeongoza katika mtihani wa injini. Mmoja tu. Baba alishaniambia nikiikosa nafasi hiyo ananirudisha kaskazini kwa shangazi, na kwa shangazi kulikuwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe aliyekwisha kuniulizia. Niliitaka ile ovaroli ya kijani ya kituo mpaka nikaiota.

Injini niliyopewa kwa mtihani huo ilikuwa ya trekta la meja mmoja. Wahindi walipofukuzwa, yeye aligawiwa shamba la mmoja wao na trekta lake, akatuletea tulitengeneze bure. Kwa wiki tatu nilikwangua beringi zake kwa mkono, moja moja, mpaka kila moja ikakubali mahali pake. Beringi ya namna hiyo haihamishwi. Ukiipeleka silinda ya jirani inabana, na injini haizunguki hata uombe dua. Ndiyo maana fundi hugonga nukta kwenye kifuniko cha kila beringi: nukta moja silinda ya kwanza, mbili ya pili, hadi nne. Wote huanza kuhesabu mbele, upande wa feni. Mimi nilianza nyuma, kwa sababu benchi langu lilibanwa ukutani na nyuma ndiko mkono wangu ulikofika vizuri. Mwalimu alinigombeza.

"Siku moja utamponza mtu," akasema.

"Atakayeifungua na aulize," nikamjibu.

Darasani alikuwamo mpwa wa meja huyo, kijana wa manukato na viatu vya kung'aa, ambaye injini yake haikuwahi hata kukohoa. Asubuhi ya mtihani nilikuta vibao vya namba zetu za mtihani vimebadilishwa. Chake kimening'inia kwenye injini yangu, changu kwenye lile gofu lake. Nilipiga kelele gereji nzima ikanyamaza. Mwalimu, aliyeniona wiki tatu nimeinama pale pale, akatazama sakafu.

"Mwanangu, nina watoto watano," akaninong'oneza. "Unajua mjomba wake ni nani."

Nilijua. Miaka ile mtu akikuambia hivyo, mazungumzo yamekwisha. Injini yangu iliwaka mara moja, ikatulia kama mtu aliyeshiba, na makofi akapigiwa yeye. Meja alikuwepo. Alimkumbatia mpwa wake machozi yakimlengalenga, kwa maana aliamini kweli kwamba ni kazi ya kijana. Mimi niliandikiwa nimefeli. Nyumbani sikurudi, nikaenda Katwe, nikaomba kazi kwa Mkenya mmoja mwenye gereji katikati ya wagonga mabati. Baba hakusema nami mwaka mzima.

Mwaka uliofuata, mvua za kupandia zikiwa mlangoni, lori la jeshi lilisimama mbele yetu. Askari wakashusha injini iliyo wazi na kasha la vipuri. Meja akateremka, na nyuma yake mpwa, ndani ya ovaroli ya kijani. Injini ilikuwa imevuja oili kidogo tu, mjomba akamwambia aifungue, si yeye aliyeiunda? Akaifungua. Kuifunga kukamshinda, akasingizia kwamba shambani hakuna spana za kutosha.

"Nani hapa najua hii injini?" meja akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

Tajiri wangu akanisukuma mbele. Niliokota kifuniko cha beringi, nikaziona nukta zangu. Kijana naye akaniona. Meja alipogeuka kuwasha sigara, akanisogelea.

"Dada, bambi, tafadhali, nisaidie. Huyu ataniua."

"Na mimi ulipoizika kazi yangu, ulinililia?"

"Wewe binti," meja akaita, "naweza?"

"Afande, kila fundi ana alama zake. Hizi mwenyewe yupo, aliyepasi kwa injini hii. Mimi nilifeli."

Meja akamtazama mpwa wake, kisha akaketi juu ya pipa. "Spana iko hapa. Funga."

Akafunga. Nukta moja akaiweka mbele, kama kitabu kinavyosema, mbili ikafuata, jasho likidondokea kwenye chuma. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kumwambia neno moja tu, nyuma, na yote yangekwisha. Lilikuwa kwenye ulimi. Nililimeza, na wallahi lilikuwa tamu.

Meja mwenyewe alishika hendeli ya kuizungushia. Haikuzunguka. Akajaribu tena kwa mikono miwili, shingo ikamvimba, injini kimya. Wagonga mabati wote walikuwa wameacha nyundo. Meja akacheka, na hapo ndipo tulipoogopa.

"Vua nguo ya serikali," akasema.

Kijana alivua ovaroli akabaki na kaptura, mbele ya Katwe nzima. Askari wakampandisha kwenye lori, nyuma, na injini ikaachwa pale pale chini. Lilikoelekea lori sikuuliza. Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo, na nilisikia shamba lile halikulimwa msimu ule. Njia ya mwongo ni fupi.

"Wewe msichana una roho mbaya," tajiri akaniambia. "Ulikuwa unajua kuifunga."

"Ninajua kuifunga," nikasema.

Niliokota ovaroli, nikajipima nayo. Ilinikaa sawasawa, mikono na urefu. Kisha nikachukua mkasi, nikaikata vitambaa sita vya kufutia oili, na vikanitosha hadi mvua nyingine.