Kiko Kisichotobolewa

Anyelwisye huchonga viko vya tumbaku Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa mizizi migumu ya mti wa milimani, isiyoungua upesi. Mwaka jana daktari alimkataza mama yake, Tusajigwe, kuvuta, kwa sababu ya kifua. Mama akamwomba mwanawe kiko kipya, cha kushika tu mdomoni. Anyelwisye akachonga kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza, ila hakukitoboa.

“Umesahau tundu,” mama alisema.

“Sijasahau, mama.”

Mama akakichukua, akakitia mdomoni. Wiki iliyofuata Anyelwisye alimkuta uani anavuta. Tundu alikuwa amelitoboa mwenyewe kwa waya wa moto, limepinda, na moshi ulipita kwa shida. Anyelwisye alikichukua kile kiko, akakitazama, akamrudishia, akaingia ndani kunywa chai.